Redio Isiyo na Betri

Tarehe 3 Machi 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mafua ya kiyoyozi cha studio hayaniachi.

Mama, kituo kimenipa kipindi cha nyimbo za miaka ya tisini, zile za kucheza huku unaonywa: soma, jikinge, usimtenge mwenye UKIMWI. Nimeupata wimbo ule wetu wa kula sahani moja na mgonjwa. Una magitaa, una kinanda, una beti tatu. Wa kwetu haukuwa na gitaa, na ulikuwa na ubeti wa nne: “Kadogo wangu, gonga nijue upo.” Nakumbuka nikigonga ukuta wa chumba cha nyuma, na redio iliyokuwa mle ndani inanisubiri nimalize. Wenzangu wananicheka, eti redio gani inamsubiri mtu.

Kaseti ya wimbo ule, iliyokuwa ikipigwa kwenye redio ya chumbani, iko wapi? Nataka kufungulia nayo kipindi.

Mwanao,
Kadogo

Tarehe 20 Machi 2014

Mwanangu Kadogo,

Marahaba. Mimi nipo, magoti ni yaleyale ya kukanyaga cherehani. Funga kitambaa shingoni, wakikucheka waache. Mwandiko unisamehe, shule yangu iliishia darasa la tatu.

Barua yako niliiweka chini ya vitambaa vya wateja siku kumi. Ungenipigia simu ningekata. Kaseti haipo, haijawahi kuwepo. Redio ile haikuwa na betri, mwanangu. Aliyekuwa anaimba ni baba yako.

Nilikwambia amesafiri kikazi akafia huko. Hakusafiri. Alikuwa mle chumbani miezi mitano na ule ugonjwa, nimefunga kwa kufuli. Ulikuwa na miaka sita, una mdomo kama tarumbeta. Nikawaza, huyu akisema dukani, nani atavaa nguo niliyoishona mimi? Tutakula nini? Akikohoa, nakanyaga cherehani kwa nguvu hata kama haina kitambaa. Akiimba, nakwambia ni redio. Sahani yake niliitia alama ya rangi ya kucha, isichanganyike na zetu. Na yeye wimbo wake ndio huo wa sahani moja. Hakuwa ananisema, alikuwa anaupenda tu. Au alikuwa ananisema, sijui.

Ukigonga alikuwa anacheka. Akaniambia, “Mama Kadogo, mtoto anashika mdundo kunishinda. Mlete hata mlangoni.” Nikamwambia kesho. Nilimwambia kesho nyingi, mwanangu.

Mama yako

Tarehe 2 Aprili 2014

Mama,

Shikamoo. Afya siulizi leo.

Siku redio iliponyamaza nilikuuliza mbona haiimbi. Ukasema betri zimeisha. Nikaenda nikatoa betri za tochi nikakuletea. Ukazipokea, Mama. Ukasema asante.

Kipindi nimempa mwenzangu. Usiniandikie kwanza.

Mtoto wa Baba

Tarehe 6 Septemba 2014

Kadogo wangu,

Sijui kama u mzima, sijui kama unakula. Yale mafua yaliisha? Miezi mitano nimenyamaza kama ulivyoniambia. Sasa nimejua miezi mitano ni mirefu kiasi gani.

Kipindi chako nakifungulia kila Jumamosi, ingawa anayeongea ni kijana mwingine, anakimbiza maneno kama anafukuzwa. Jumamosi iliyopita aliupiga wimbo ule. Nilisimamisha cherehani, mteja kanikodolea macho, nguo yake nusu imeshonwa. Zikaisha beti tatu. Nikabaki nimeinamisha kichwa nasubiri wa nne, mpaka mteja akauliza, “Fundi, umesinzia?”

Betri zako za tochi ninazo, zimo kwenye kopo la vifungo. Zimevuja, zimekula kutu, zimeharibu vifungo vyote vyeupe. Sikuweza kuzitupa, na kuzitia kwenye redio sikuweza.

Kufuli nililing'oa zamani. Mlango ule haufungwi tena, upepo unaupigapiga.

Sikuandikii ili unijibu. Nimekumbuka tu kwamba ubeti wa nne ulikuwa na mistari miwili, na wewe umeandika mmoja. Wa pili alikuwa anauimba ukishaenda kucheza, nausikia mimi peke yangu. Ni mali yako, nisiende nao:

“Kadogo wangu, gonga nijue upo,
nitakujibu, hata wasipofungua.”

Mama yako, ukipenda