Mjukuu Wangu Ananipakia Kama Gunia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa tangu nizaliwe sijamwomba mtu hata chumvi, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliishia darasa la tatu, ukikuta kosa lipite.

Nina wajukuu wawili niliowalea mimi tangu mama yao aende Kuwait kufanya kazi za ndani. Wa kike, Liezel, yuko kule kwenye bwawa la waya, watu wanajifunga ubao miguuni wanavutwa na waya unaozunguka juu ya nguzo, boti hakuna, kazi yake ni kubonyeza kitufe na kuwapigia kelele wainuke. Wa kiume, Benjo, anaendesha boti huku kwetu ziwani Caliraya, ile inayonyanyua wimbi nyuma yake na mtu akateleza juu yake bila hata kushika kamba. Sasa mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, Benjo ananifuata nyumbani, ananishika mkono, ananikalisha botini, nyuma kabisa upande wa kushoto, juu ya mto laini, mimi na gauni langu la kanisani na suman zangu, wali wa nazi wa kwenye majani, nikawa nawatambia majirani kwamba mjukuu mwenye heshima ni huyu, si dada yake wa waya ambaye hajanialika hata siku moja. Nikamwambia Liezel hivyo hivyo usoni. Akacheka. "Bibi, sisi kwenye waya hatuhitaji uzito. Boti ya Benjo lazima ilalie upande mmoja ndipo wimbi linyanyuke. Wewe pale ni gunia, Bibi!" Nikamtukana. Jumapili iliyofuata mgeni mmoja wa boti akaniona nakuja, akamwambia mwenzake, "Haya, mzigo wetu huo, leo wimbi tamu," na Benjo akacheka pamoja nao.

Mshauri, nina miaka sabini na minne na kilo tisini, nilizozipata kwa kula jasho langu. Nimechoka. Jumapili mbili sasa nasingizia goti, Benjo anagonga, sifungui, namsikia anaondoka. Je, nimwambie asije tena? Au nipande ninyamaze, gunia ni gunia?

Aliyechoka, huku Lumban

Bibi mwenzangu,

Pole. Kuitwa mzigo ukiwa na gauni la kanisani kunauma. Benjo alipocheka alikosa adabu, mwambie hivyo bila kuzunguka.

Sasa zamu yako. Mtoto kakuambia ukweli, wewe ukamlipa matusi. Mwaka mzima umewapima wajukuu kwa mto wa kukalia, mmoja juu, mwingine chini. Huoni haya, mtu mzima?

Kabla ya kukujibu nimemuuliza dereva wa boti hizo. Anasema zina mifuko ya kuongeza uzito, inayojazwa maji ya ziwa kwa pampu, muda mfupi tu imejaa. Maji hayafuatwi nyumbani. Hayangojwi hadi misa iishe, hayashikwi mkono gatini, wala hayamgombezi dereva njia nzima, na wewe najua unamgombeza. Mwenye shida ya uzito tu angewasha pampu akamaliza. Huyu amegonga, hukufungua, na wiki ya pili akarudi kugonga.

Lakini mimi siishi kifuani mwa Benjo. Mpime mwenyewe. Jumapili hii fungua mlango, panda, kaa upande wa kulia, karibu na usukani wake, usieleze kitu. Akisema, "Bibi, rudi kushoto," shuka, na usipande tena. Akiwasha pampu, mpe suman na yaishe.

Ila Jumamosi, kabla ya hayo yote, nenda kwenye waya ukamwombe Liezel radhi. Usiniambie hujaalikwa, mguu wa bibi haungoji mwaliko. Kule hawana kazi na kilo yako hata moja, kwa hiyo ukiletewa kiti, ujue umeletewa wewe. Kaa. Na ufunge mdomo, walau nusu saa.