Kidole Changu Kiko Ubaoni

Nyumbani, Tukuyu
14 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Tulia,

Ugonile, mwanangu. Joto la huko Mtwara linakuacha ulale? Unakula? Kwenye picha uliyotuma umekonda, sikuipenda. Sisi wazima, isipokuwa magoti yangu, na hayo unayajua. Anayeandika ni shangazi yako Joyce, nami nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Migomba imebeba. Ng'ombe amezaa jike.

Sasa sikia habari yenyewe. Unakumbuka serikali ilitupa ruzuku ya maji, mabomba manne, la nne hapa kwetu mlimani, ili nisiteremke tena mtoni na ndoo? Mwezi wa tatu taarifa yake ikabandikwa ubaoni, ofisi ya kijiji. Watu wanatazama, wanakwenda zao. Kwenye mkutano nikasimama, nikataka isomwe.

Mwenyekiti wetu Hezron akasema, "Bibi, imebandikwa, kila mtu anaiona."

"Mimi naona wino, baba. Soma."

Akasoma. Bomba la kwanza, limekamilika. La pili na la tatu, hivyo hivyo. La nne, kwa Bibi Tulinagwe, limekamilika! Watu wote wakanigeukia. Nikamwambia, "Hezron, maji ya chai yangu leo nimeteka mtoni. Hayo yako nikinge kwenye karatasi?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hezron naye alicheka, ila jasho lilimtoka.

Wiki ile ile fundi akaja kuchimba. Kabla ya maji akaleta fomu, niweke dole gumba kwamba nimepokea. Nikaficha mkono ndani ya kanga. Siku tisa anakuja, siku tisa mkono uko ndani ya kanga. Ya kumi maji yakatoka, kwanza tope, halafu yakang'aa. Nikanywa. Ndipo nikamtolea kidole.

Sasa kijiji kimekubaliana: ruzuku yoyote ikija, inasomwa mkutanoni, na wenye eneo lao wanajibu kama kitu kipo au hakipo. Na aliyeanza ni mimi, nisiyejua hata herufi moja!

Msalimu mumeo Nelson, mwambie akulishe. Majirani zetu Elina na Geresoni wanakusalimu. Mungu akufunike, usiku na mchana. Ndaga fijo, asante sana, kwa kitenge ulichonitumia.

Ukija Desemba, pita ubaoni kabla hujafika nyumbani. Fomu ile imebandikwa. Alama ya zambarau pale chini ni kidole cha bibi yako.

Ni mimi, nikupendaye na magoti yangu yote mawili,
Bibi Tulinagwe