Alhamisi ya Nusu Fainali

Muyinga, 9 Mei 2011

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Mi mzima, ila sauti imekauka kwa kupiga kelele uwanjani, na sababu nakueleza sasa hivi.

Direkta wa chuo cha ualimu amenifanya kocha mkuu wa wasichana! Nilipokuja hapa walisoma kwenye karatasi zangu kwamba nilicheza netiboli kule kambini Ulyankulu miaka tisa, wakanipa basiketi, eti yote ni mpira wa mikono. Mimi ambaye sijawahi kudunda mpira maishani! Nikawafundisha nilichokijua: ukidaka simama, tafuta mwenzio. Mpaka leo wakidaka wanaganda kama wanapigwa picha, na timu nyingine zinatucheka. Lakini pasi zao, Baba, hakuna anayezikamata.

Juni tunaingia kombe la vyuo. Direkta kasema tusipofika fainali, nafasi yangu anampa mwanaume. Niombee.

Mwanao,
Anisia

Buraza, 26 Mei 2011

Mwanangu Anisia,

Marahaba, mama. Kifua kinanisumbua asubuhi tu, jua likitoka kinaniacha. Nimefurahi mpaka nikamwambia Damiano habari zako, na Damiano mwenyewe tunagombana!

Sasa sikiliza. Bashingantahe, wale wazee wa kilima wanaoamua kesi, watatugawia shamba letu Alhamisi tarehe 23 Juni. Damiano amelilima tangu tulipokimbia mauaji ya mwaka wa 72, na mi sikatai apate nusu. Ila anataka nusu ya juu, tulipomzika mama yako baada ya kurudi. Anajifanya hakujui, anatangaza kwamba mi mzee sina mtoto, shamba la nini? Nimewaambia wazee ninaye mmoja, wa kike, na ndiye mrithi wangu. Wakasema, haya, tumwone.

Njoo ukae kando yangu. Hata usiseme neno. Simu usipige, masikio yangu unayajua.

Baba yako,
Sebastiani

Muyinga, 17 Juni 2011

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Naandika kwa aibu.

Nusu fainali imewekwa Alhamisi hiyohiyo, tena Gitega mjini. Nimemwomba direkta ruhusa, akasema kocha anayekimbia nusu fainali asirudi. Nimelia chooni, wasichana wasinione. Baba, kazi hii nimeisotea mno.

Waombe wazee wasogeze wiki moja. Sisi mechi zetu huahirishwa kwa mvua tu, sembuse kesi kwa mtoto ambaye bado hajafika? Alhamisi ya pili nitakuja nimevaa kitenge, nikae kando yako kutwa nzima. Barua hii nampa dereva wa basi, aiache dukani kwa Amreen pale Nyamugari. Jirani yako Josephat ataichukua akienda sokoni.

Mwanao,
Anisia

Buraza, 28 Juni 2011

Anisia,

Amani iwe kwako. Mi mzima, mwili.

Barua yako Josephat ameniletea Jumamosi. Alhamisi nilivaa koti, nikakuwekea kigoda. Saa tatu, saa nne, hupo. Kila mwanamke aliyetokea barabarani niliwaambia wazee, ndiye yule. Wa kwanza alikuwa muuza mihogo. Wa pili, muuguzi. Watu walianza kucheka chinichini. Saa sita mzee Nazario akasema, Sebastiani, tumekuheshimu vya kutosha.

Nimepewa kipande cha chini, kule bondeni kwenye maji, “cha kumtosha mtu mmoja.” Kaburi limebaki kwa Damiano.

Na kumbe siku hiyo ulikuwa Gitega! Gitega, Anisia! Mi nikitoka hapa alfajiri kwa miguu, mchana nimefika.

Baba yako

Muyinga, 5 Julai 2011

Baba,

Shikamoo. Ipokee hata kama hutaki.

Tulishinda kwa pointi mbili. Fainali tukafungwa, lakini nafasi nimeachiwa. Wasichana walinibeba juu, na mi nilikuwa nawaza barabara ya Buraza tu. Nimekukosea. Nasema wazi: nilichagua kazi.

Lakini usikubali! Nakuja Jumamosi tarehe 16. Malalamiko nimeshaandika, direkta amegonga muhuri. Tutawaita wazee upya, nisimame mbele yao wanione kwa macho yao. Kosa likitokea, refa anapuliza filimbi, mpira unarudi. Usikubali chochote mpaka nifike.

Mwanao,
Anisia

Buraza, 12 Julai 2011

Mwanangu,

Marahaba. Sijakasirika. Hapana, nisidanganye, nilikasirika siku nane.

Hakuna kurudia. We umekulia ugenini, na mimi na mama yako hatukukufundisha mambo haya, tulidhani hatutarudi. Wazee wakishaamua, mtungi wa pombe ya ndizi unawekwa katikati, na waliogombana wanakunywa pamoja kwa mirija. Ukinywa, kesi imekufa, hata kama umeonewa. Anayeifufua, majirani hawamziki. Nilikunywa, Anisia. Ningekataaje mbele ya kilima kizima, peke yangu?

Damiano si mtu mbaya. Ananiruhusu kwenda kaburini. Lakini inabidi nimpigie hodi mwanaume mwingine ndipo nikamwone mke wangu. Nimeenda Jumapili mbili, ya tatu nimeshindwa.

Kaka yangu Yakobo alibaki Ulyankulu akachukua uraia wa huko, nikamwita mjinga. Ameniandikia kwamba chumba kipo. Naondoka keshokutwa Alhamisi na lori la mahindi linalokwenda mpakani Kobero. Barua hii utaipata nimeshavuka.

Litapita hapo Muyinga mchana, nadhani mbele ya chuo chenu. Nimemwomba dereva asisimame. Nikikuona nitashuka, na nikishuka sina tena pa kwenda.

Jumamosi usihangaike kuja Buraza, nyumba nimeifunga. Fundisha wasichana wako.

Baba yako,
Sebastiani