Konokono Usoni Kwangu

Negotin, 14 Aprili

Mdogo wangu Desanka,

Hujambo huko Vienna, na mgongo wa shemeji umetulia? Mimi mzima, ila magoti hunisema kila nikishuka ngazi.

Jana nilikwenda kumwoshea marehemu Dragutin jiwe lake la kaburi. Unalijua: picha ya mume wangu, ya kwangu pembeni yake, kisha mwaka wangu wa kuzaliwa na kistari kinachosubiri mwaka wa kufa. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikakuta konokono mkubwa amepanda usoni kwangu, kanipitia mdomoni, ute unang'aa kama makamasi. Nilichefukwa hadi nikashikilia msalaba wa kaburi la jirani. Nilimtoa, nikapafuta, lakini kinyaa hakikuondoka. Kumbe nilikuwa nauonea kinyaa ule uso. Wameshanizika, na anayedeki kaburi ni mimi mwenyewe.

Konokono nilimweka kwenye majani, akashika njia. Hata yule ana anakokwenda. Basi nimeokota ndoo nzima ya wenzake nyuma ya kinu cha zamani, nitawapika. Tangu niolewe nimepika alichotaka Dragutin: maharage, kabichi, nguruwe. Sijawahi kupika kitu nisichokijua.

Dada yako,
Stamena

Vienna, 2 Mei

Dada Stamena,

Shikamoo, naitoa kwa ajili ya umri wako tu. Sisi wazima. Barua yako niliisoma nikiwa nakula, mkate nikautupa.

Una wazimu? Ndoo ya makamasi kwenye jiko la mama yetu! Jirani yako Verka kanipigia simu, ati nyumba inanuka hadi barabarani. "Wenzake wanafuga kuku," kasema, "dada yako anafuga ute." Alicheka mpaka akakohoa.

Uchafu hanifundishi mtu, dada. Nimesafisha bwawa la kuogelea la watu wa huku tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu. Nimechomoa nywele zao kwenye matundu, nimeokota plasta za vidonda vyao na kucha zao. Kwenye maji yale sijawahi kuingiza hata kidole.

Julai nakuja kwenye kumbukumbu ya mwaka ya shemeji Dragutin. Nikiona wadudu hao mezani pa marehemu, lango sivuki. Kwetu umebaki wewe tu. Usinifanye nikuonee kinyaa na wewe.

Mdogo wako,
Desanka

Negotin, 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na mkate hautupwi, ni dhambi. Verka akipiga tena mwambie kinachonuka ni mdomo wake.

Mara ya kwanza nilitapika, sikufichi. Walitoa povu la kijani, na mimi nikatoa langu kwenye beseni. Nikaapa sirudii. Asubuhi nikaokota wengine. Nikawaacha na njaa, nikawaosha kwa chumvi na siki hadi povu likaisha, nikawapika kwa vitunguu saumu na divai. Bado ni kama kutafuna sikio la mtu. Wa tatu akashuka. Nikacheka peke yangu jikoni, na tangu msiba nilikuwa sijacheka.

Kumbukumbu imeangukia mfungo wa Mtakatifu Petro, kwa hiyo nyama hakuna. Nimemuuliza padri kama konokono ni mwiko. Kasema kisicho na damu si nyama, kisha kaniuliza vitunguu saumu nitatia vingi au vichache. Nitaweka sahani moja kando ya ngano ya kuchemsha, ile tunayoila kumwombea marehemu. Wewe hulazimishwi. Njoo tu.

Dada yako,
Stamena

Vienna, 9 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo, na hii inatoka moyoni. Magoti yanaendeleaje?

Tangu Julai nashika kalamu naiweka. Niliposimama langoni nilimwona padri akinyonya ganda, mafuta yanamtiririka kidevuni. Nikageuka. Ukanifuata hadi barabarani na bakuli: "Desanka, basi hata ngano. Kijiko kimoja." Ngano ya marehemu haikataliwi hata na adui, na mimi niliikataa mbele ya Verka. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyowachukia konokono wako.

Kabla ya kupanda basi nilipita makaburini. Na sisi jiwe letu tayari, umeliona: mimi na mume wangu tunatabasamu, vistari viwili vinasubiri. Usoni kwangu palikuwa pakavu, pasafi. Hata konokono hajawahi kupita. Nilikuonea wivu, dada, wewe na ute wako.

Jumanne iliyopita nilinunua nguo ya kuogelea, ya buluu, nikaenda kwenye bwawa lile lile. Msichana wa mlangoni akanielekeza kwenye ndoo na madekio. Nikamwambia, "Leo nadeki kwa mwili." Nilijua kila kilichomo mle. Unywele wa mtu ulinizunguka kidole, plasta ikapita karibu na kidevu, nikabana midomo nisitapike. Kuogelea sijui. Nilishika ukingo kwa mikono miwili muda mrefu, nikanuka klorini na kujionea huruma. Halafu nikaachia mmoja.

Nilichefukwa njia nzima hadi nyumbani. Jumanne narudi.

Mwakani niwekee ngano yangu. Konokono tutaongea.

Mdogo wako,
Desanka