Viatu vya Riziki

Mama, sasa hivi tu mjukuu wako amevua kiatu kimoja akakitumbukiza ndani ya sufuria ya mchicha, kisha akanitazama usoni kana kwamba ni yeye aliyepika. Nimekitoa, nimekisuuza, nimemvika tena, naye amejiburura kwa makalio mpaka uani alipo wifi yangu Mwanakombo, anayepepeta mchele. Wengine wote wametoka, ndiyo nikapata nafasi ya kushika kalamu.

Shikamoo, mayo. Kifua chako kimetulia na lile vumbi la malori? Na yule mbuzi mweupe aliyekuwa akichechemea, amepona au mlishamla? Sisi huku Mwabungo hatujambo, alhamdulillahi. Kuumwa kwetu ni mafua tu, na joto. Ningekupigia simu, lakini najua ungeishika mbali na sikio ukawa unaitikia "naam, naam" bila kusikia neno. Barua Mwero atakusomea, na pale utakapopapenda utamwambia arudie. Mwero, mdogo wangu, soma polepole. Usiruke maneno kwa sababu wenzako wanakungoja mpirani.

Najua unalotaka kulisikia kwanza, mama. Bado. Riziki bado hajatembea. Wenziwe aliozaliwa nao sasa wanakimbiza kuku, yeye yuko chini anawatazama. Kule kliniki Msambweni nesi alimnyoosha miguu, akamkunja, akamtekenya nyayo, akasema mifupa ni mizima, ni mtoto mzito wa kuanza tu, tungoje. Nami nangoja. Lakini kungoja na macho ya watu ni kazi. Mtu akija kuomba chumvi, kabla hajaondoka atauliza, "Na huyu bado?"

Ujumbe wako nimeupata, kwamba mvua za vuli zikianza na yeye hajasimama, nimlete huko kwetu Samburu ya Kinango nimwache kwako mpaka atembee. Mavyaa wangu hakukataa. Alisema nyanya mzaa mama ana haki yake. Hamisi ndiye aliyenyamaza, na wewe wamjua mkweo, akinyamaza ujue hajakubali. Mimi mwenyewe siku nyingine naona ni sawa, kwani wewe umelea wangapi na wote wanatembea? Siku nyingine nikifikiria analala bila kunishika sikio kama alivyozoea, maziwa hunijaa yenyewe.

Sasa nikupe habari ya viatu, maana bila viatu haya mengine hutayaelewa. Idi ilipokaribia, Hamisi alirudi kutoka Ukunda na kiboksi. Kufungua, viatu vyekundu vya mtoto, vile ambavyo akikanyaga vinalia pwii, pwii. Sote tukavitazama. Mavyaa akasema, "Hamisi, baba, umemnunulia ngoma mtu asiyecheza." Mwanakombo alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, kisha nikaenda kisimani kuteka maji, ingawa mtungi wa nyumbani ulikuwa umejaa. Hamisi alimvika mwanawe, akavibonyeza kwa kidole, pwii, pwii, Riziki akafurahi. Tangu hapo kila siku anavivaa, na kila siku viko kimya.

Basi siku ya pili ya Idi tukaenda matembezi. Kule Diani wamefungua bustani kubwa ya michezo ya watoto, na vile vibanda vya kivuli ndani yake aliyeviezeka makuti ni Hamisi na wenziwe. Msimamizi alimwambia alete watu wake bila kulipa langoni. Mavyaa alikataa kwenda, akasema yeye pembea aliziacha alipoolewa. Tukaenda watatu, mimi na hina yangu mkononi, Hamisi na kanzu, Riziki na gauni lenye marinda na viatu vyake.

Mama, watu wana akili! Kuna mamba wa saruji, watoto wanapanda mkiani wanateleza wanatokea mdomoni. Kuna farasi wa plastiki wanaozunguka, na nyumba ya upepo ya kurukia. Kuna gari moshi dogo linalozunguka bustani nzima, na dereva wake ni mtu mzima kakunja magoti mpaka kidevuni. Na kuna kijana aliyejivika manyoya ya sungura mwili mzima, na jua lile! Alipovua kichwa ili anywe maji watoto walilia kama wameona maiti. Riziki hakulia. Alimnyooshea biskuti yake.

Lakini kila tulipokwenda, kibao kinasema mtoto awe anasimama mwenyewe. Farasi, asimame. Mamba, asimame. Hata nyumba ya upepo, wenziwe wakirusha miguu, yeye akabingirika pembeni kama nazi, ikabidi nimtoe. Hamisi akaniambia, "Mpumzishe kivulini, mimi nikatazame paa langu, naona upande mmoja umekaa vibaya." Nikajua anataka kwenda kusimama peke yake kidogo. Nikamwacha.

Mimi nikatafuta kivuli, nikakikuta karibu na uwanja wa mchanga wa kuchezea. Nikakaa, nikautia mkono mchanga ule. Mama, nilishtuka. Haukuwa huu wetu mweupe wa pwani, unaoingia mpaka kitandani. Ulikuwa mwekundu, mzito, una chembe kubwa zinazong'aa. Nikaunusa. Nikamwita mzee anayefagia, nikamuuliza, "Baba, mchanga huu umetoka wapi?" Akasema, "Umeletwa na malori, mwanangu, kutoka mtoni huko juu Kinango. Wa bahari una chumvi, unawawasha watoto."

Wakumbuka uliniambia nini? Kwamba mtoto mzito wa miguu husimamishwa shimoni, lakini si kwa mchanga wa bahari, huo unamomonyoka na mguu haupati pa kujishikia. Ni kwa mchanga wa mto, ule uliotusimamishia sisi. Nilikujibu kuwa huku haupatikani. Na sasa nimeukalia! Nilitazama huku na huku. Hamisi yuko juu ya ngazi. Nikachukua koleo ya plastiki ya mtoto wa watu, nikaanza kuchimba.

Nilimvua viatu, nikamsimamisha, nikafukia mpaka mapajani, nikaushindilia kwa viganja kama ulivyonieleza. Nikamwelekeza uso kule gari moshi linakotokea, maana ulisema awekwe mbele yake kitu akipendacho. Akatulia tuli, mikono juu ya mchanga kama mtu aliye mezani.

Mara nikasikia nyuma yangu, "Aki madam! Unafanya nini? Unazika mtoto?"

Ni msichana wa kazi pale, wa bara, kavaa fulana ya manjano na filimbi shingoni. Nikamwambia, "Hazikwi, dadangu, anasimamishwa."

"Anasimamishwa aje na amezikwa? Mtoe tafadhali. Supervisor akiona hii, ni mimi nitafutwa!"

Akataka kupuliza filimbi. Kumbe nyuma yake kuna bibi mmoja mtu mzima, kaja na wajukuu wake, kajifunga leso juu ya buibui. Akamshika mkono. "Wewe binti, tia filimbi yako mfukoni. Kwenu mlitembeaje, mlizaliwa na baiskeli?"

"Shosh, lakini hii ni ya kucheza, si ya dawa."

"Na yeye amelia? Mtazame. Kati ya watoto wote humu, ndiye pekee asiyelia."

Watu wakaanza kukusanyika. Mama wengine wa huku wakawa wanachekelea, mmoja akasema wake alisimamishwa nyuma ya jiko na leo anavunja madirisha ya watu kwa mpira. Mimi nilikuwa nimeona haya, jasho linanitoka, nikataka kumfukua tuondoke. Yule bibi akanizuia. "Umeshaanza, mwanangu. Muache apate miguu yake." Kisha akaanza kupiga makofi taratibu, "Simama dede, simama dede," na wale kina mama wakapokea. Yule msichana wa filimbi alitazama kushoto na kulia, akachuchumaa mbele ya Riziki, akaninong'oneza, "Na inafanya kazi kweli?" Nikamwambia sijui. Nilimwambia kweli, mama, sikujua.

Gari moshi likatokea likipiga honi. Riziki akalinyooshea mikono. Likapita, likaenda zake. Nikaanza kumfukua, maana niliona inatosha. Nilipofika magotini, likarudi tena. Mama, akavuta mguu mmoja akautoa mwenyewe! Akavuta wa pili. Mimi nimemshika kiunoni, yule bibi akanitolea macho, "Muache!" Nikaachia.

Akasimama. Peke yake, juu ya mchanga ule mwekundu, gauni limejaa vumbi, mikono hewani, akilitazama gari moshi mpaka behewa la mwisho likapita. Kisha akakaa chini pu, akacheka. Hakupiga hatua, sikudanganyi. Lakini alisimama na hakuna aliyemshika.

Yule msichana alipiga filimbi yake mwenyewe, akasahau supervisor. Hamisi akaja mbio, kanzu kaikunja mkononi, anadhani mtoto amepotea. Alipoona shimo, na koleo, na mimi mikono myekundu, akasema, "Mbodze, umefungua kliniki?" Watu wakacheka. Nikamweleza. Hakuniamini, akataka asimame tena, na Riziki naye akakataa katakata, akalegeza miguu kama ugali mbichi. Wewe wamjua, hiyo ni damu yako.

Tulirudi kwa tuktuk, mtoto amelala. Tulipofika njia ya kuingilia kwetu Hamisi akasema, "Kama ni mchanga, nitauleta mchanga. Mtoto simpeleki." Hayo tu. Kesho yake alirudi na gunia mbili zilizobaki nyuma ya bustani, kaziomba kwa msimamizi, na mimi sikumuuliza alieleza za nini. Akachimba shimo pale uani karibu na mlimau. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali namsimamisha, na mavyaa, aliyesema ngoma ya asiyecheza, ndiye anayekuja na kigoda chake kukaa mbele na kumwimbia. Anasimama sasa, mama. Muda mrefu kuliko siku ile. Viatu namvalisha baada ya kumpangusa miguu, lakini hatua bado, na mawingu nayaona yanaanza kujikusanya upande wa kwenu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na usinikasirikie. Usiihesabu mvua. Badala ya mimi kumleta na kumwacha, njoo wewe. Njoo ukae nasi, ulitazame shimo lenyewe kama nimelichimba sawa, maana mimi nimechimba kwa kusikia tu. Kitanda kipo, na mavyaa amesema atakupikia wali wa nazi na papa mpaka useme basi. Mbuzi Mwero atawachunga. Jirani yetu anayeleta barua hii anakuja huko kununua mbuzi, ukitaka mnaweza kurudi pamoja. Moyo wangu unaniambia miguu yake iko karibu, na ningependa siku hiyo uwe umekaa hapa, si usomewe.

Nisalimie shangazi yangu anayeuza ukwaju kando ya barabara, mwambie kanga aliyonipa ndiyo niliyomfunikia Riziki siku ile. Nisalimie mjomba na miguu yake inayouma. Na yule mama jirani aliyenikata kitovu, mwambie sijamsahau, tena mwambie kwamba Riz

Mama subiri, Mwanakombo ananiita. Anasema, "Wifi, njoo, lakini njoo polepole usimshtue," na huko uani nasikia pwii, kisha pwii nyingine, na Mwanakombo mwenyewe namwona kutoka hapa dirishani, ungo uko mikononi mwake, kwa hivyo aliyemshika mtoto ni