Kichupa cha Damu ya Mama

Masasi, 5 Septemba 1995

Dada Ida,

Shikamoo. Hali yangu usiulize, ni nzuri mpaka inaudhi watu. Habari kubwa ni kwamba nimelishinda jua. Jua hili la Masasi, linalokausha visima na akili za walimu, mimi linaniogopa. Tangu serikali iachie kila mtu auze anachotaka, wenzangu wameleta mitumba, wengine redio. Mimi nimeleta baridi. Nina deli langu, sanduku la barafu, nyuma ya baiskeli, na toka stendi hadi Mkuti hakuna mtoto asiyelijua jina langu. Mwalimu aliyenifukuza darasa la sita ananunua barafu kwangu, kofia ikiwa imeshushwa mpaka puani.

Barua yako nimeipata kwa dereva Nurdini. Pole kwa kumuuguza mama. Damu ya pua tangu Juni, madoa mekundu miguuni, na sasa kwenye mkojo. Hiyo si malaria, hata mimi naona. Unasema daktari wa Newala anataka damu yake ikapimwe Ulaya, ndege ya misheni inatua Masasi Alhamisi ya tarehe 14, na shida ni nani ataifikisha ikiwa baridi. Dada, hilo nalo la kuuliza? Nitakuja Jumatano na deli langu.

Mpe mama shikamoo yake. Mwambie apunguze kunililia, nimeshanenepa.

Mdogo wako,
Dastani


Chilangala, 24 Septemba 1995

Mdogo wangu Dastani,

Marahaba. Sisi tupo, na leo kuna afadhali. Ila mtu gani anafika Newala, anachukua kichupa kwa daktari, anapanda gari kama kaiba kuku, hata mama hakumsalimu? Nurdini anasema gari lilikufa Lulindi mchana kutwa na hukuruhusu mtu hata kuegemea deli. Hapo nimekusamehe.

Uliniuliza kupitia Nurdini wanatafuta nini kwenye damu. Daktari Barnaba alinieleza hivi. Mwili una askari wake wa kupiga magonjwa, wanaitwa kingamwili. Anahisi wa mama wamegeuka, wanaishambulia mishipa yake mwenyewe ya damu. Mishipa inavimba na kuvuja, puani, kwenye mapafu, kwenye figo. Hapa kwetu hakuna mashine ya kuwaona askari hao, huko wanayo. Wakati tunasubiri amempa vidonge vya kutuliza uvimbe, na wiki hii mama katwanga mihogo kwa mkono wake.

Lakini vidonge hivyo si vya mchezo. Kama ugonjwa ni kifua kikuu, vinaweza kuuchochea. Karatasi ikirudi inasema askari wapo, ataendelea navyo na kuongezewa dawa nyingine. Ikisema hawapo, vinasimama. Kwa hiyo maisha ya mama yamekaa kwenye kichupa ulichobeba wewe. Nilitafuta mtu mwenye akili zaidi, sikumpata.

Dada yako,
Ida


Masasi, 3 Oktoba 1995

Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mama anakula? Mimi sijambo. Kichupa kilipanda ndege, rubani akanipa mkono, Mzungu mrefu mpaka nilidhani kasimama juu ya kiti.

Kuna jambo nauliza tu, usilivalie njuga. Karatasi ikija, ni lazima daktari aifuate? Yeye si amemwona mama kwa macho yake, na vidonge si vinamsaidia? Hao wa Ulaya mama hawajamwona hata kivuli. Niulizie, lakini usiseme nimekutuma.

Dastani


Chilangala, 9 Novemba 1995

Mdogo wangu,

Habari za kimya? Mwezi mzima huandiki, wewe ambaye ukipata viatu vipya tunasoma kurasa mbili.

Karatasi imefika jana. Haina kitu. Hao askari wabaya hawapo hata mmoja. Daktari aliisoma mara mbili, akasema, "Mama Ida, sikutegemea hili." Lakini atafanyaje? Ameanza kupunguza vidonge mpaka viishe, na kwa kuwa mama anakohoa damu, amemwanzishia dawa za kifua kikuu.

Mama mwenyewe ana furaha. Amewatangazia kina mama wote wa kanisani kwamba mwanawe ndiye aliyebeba damu ikafika salama. Hata jirani yetu Bwanali kaleta kikapu cha korosho, kasema zako ukija. Njoo ule kabla sijazimaliza.

Dada yako,
Ida


Masasi, 14 Novemba 1995

Dada, shikamoo.

Mwambie daktari apime tena. Mashine nazo hukosea. Vidonge mama asiache, hata kama karatasi inasema nini. Damu akabebe mtu mwingine, si mimi.

Dastani


Newala, 26 Novemba 1995

Dastani,

Sina salamu ndefu. Tumelazwa tangu Ijumaa. Mama amevimba uso na miguu, na mkojo umekuwa mweusi kama chai iliyolala. Mgongo hauinuki.

Maneno yako nilimfikishia daktari. Akauliza, "Kijana ana sababu gani?" Nikasema nitakuuliza. Anasema kumrudishia vidonge kwa nguvu huku karatasi inakataa, na pengine ni kifua kikuu kweli, ni kumuua kwa mkono wake. Kupima damu upya ni kusubiri ndege, kisha wiki nyingine nane, na figo za mama hazina wiki nane. Anataka sababu ya kutoiamini ile karatasi.

Mama kaniuliza mbona barua zako siku hizi hazichekeshi. Nimemwambia una kazi nyingi. Mimi nimeacha kujidanganya. Dastani, unajua nini?

Ida


Masasi, 28 Novemba 1995

Dada Ida,

Shikamoo. Barua hii naileta mwenyewe. Nitakupa mlangoni pa wodi nikae nje, kwa sababu mdomo wangu unajua kutania tu, haya hautayatoa. Ukimaliza kusoma usije kwangu. Nenda kwa daktari, mbio.

Siku ile daktari aliniambia damu iwe baridi lakini isigande. Akarudia mara mbili. Nikacheka moyoni, daktari gani wa kunifundisha mimi baridi. Gari lilipokufa Lulindi barafu ikaanza kulegea. Nikanunua chumvi gengeni nikamwagia, ndivyo tunavyofanya wauza barafu wote, ikipata chumvi inauma zaidi. Nililala nikijisifu. Asubuhi nafungua deli, kichupa kimepasuka, damu ya mama imeganda nyekundu kama zile barafu ninazowauzia watoto.

Ndege ilikuwa inatua saa nne. Nilikwenda kwa Anderson, mwenye maabara mpya ya kulipia pale stendi. Nikamdanganya kwamba daktari anataka na damu ya ndugu. Akanitoa damu, akanipa kichupa chake. Nikabandua karatasi ya jina la mama, Rose Vitalis, nikaibandika kwenye kichupa cha damu yangu. Niliwaza, si amenizaa yeye, damu ni moja, watakachokitafuta watakikuta. Barua yako ya Septemba ndiyo iliyonifahamisha kwamba askari hao ni wa mtu mwenyewe. Nikajua, na bado nikanyamaza miezi miwili.

Damu ya mama haijapimwa na mtu yeyote. Iliyopanda ndege ni yangu.

Mdogo wako,
Dastani