Dohani ya Mama Mkwe

Alexandria, Virginia
Jumapili alasiri

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika, na hayo unayajua, ni ya urithi. Kifua chako kinaendeleaje? Shangazi aliniambia umeacha kabisa kupanda ngazi, kisha kwa pumzi ileile akaniambia ulionekana juu ya jukwaa pale zahanati ukiwakaripia vijana kuhusu lipu yao. Sitakugombeza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi mwezi huu mzima nimeishi juu ya mapaa ya watu.

Nimechagua kalamu badala ya simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kila likikaribia kunoga Shangazi hukunyang'anya simu. Kurasa nazipiga picha na kuzituma leo hii kwenye simu; mwambie akae, asomewe lote, na asikimbilie ukurasa wa mwisho.

Nekesa unamjua kwa picha. Ni binti wa watu wa Bungoma, Kenya, aliyeletwa huku akiwa mdogo. Anafanya kazi Sterling, huku Virginia, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha ambamo mitambo ya kompyuta hukesha ikinguruma, na Kiswahili anakisikia chote ila hujibu nusu yake kwa Kiingereza. Mwaka mzima nimekuwa nikikwambia mambo yanakwenda vizuri. Kwa Nekesa yalikuwa yanakwenda vizuri kweli. Kwa mama yake nilikuwa sijui lolote.

Kwao, Baba, kijana na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawakai meza moja, wakikutana mlangoni mmoja hurudi nyuma, na chumba anacholala mama mkwe kijana hakikanyagi hata nyumba iwe inaungua. Mama Nekesa ni nesi wa wazee, ameishi Amerika miaka mingi kuliko niliyoshika mwiko wa uashi, lakini katika hilo hajalegeza hata uzi mmoja. Tangu siku Nekesa aliponitambulisha, akaanza kunihesabu mkwe kwa upande wa kujitenga tu. Upande wa kukubali hakutamka neno. Nikiingia sebuleni, yeye anahamia jikoni. Nikisalimia, anayeitikia ni Nekesa. Nilimtuma Nekesa aulize kama naweza kuwaomba wazee wangu wapige hodi ya posa kwa simu, jibu likarudi: tusubiri. Miezi mitano nilikula hiyo tusubiri, asubuhi na jioni.

Sasa nyumba yao iko upande wa Maryland, kongwe, ya matofali mekundu. Marehemu mumewe aliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi, na ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa inavuja. Dohani za huku nilishakueleza: nguzo ya matofali inayoanzia chini, ikapita vyumbani na kutoboa paa, ili moshi wa moto wa kuota upate pa kutokea. Siku hizi watu wana mitambo ya joto na moto hawawashi, lakini nguzo imebaki kule juu ikipigwa na kila kinachopita. Hewa ya huku ina unyevu wa mto na wa ghuba. Wakati wa joto unajiona umefunikwa blanketi bichi, na wakati wa baridi maji yaliyoingia kwenye tofali huganda na kulipasua. Mvua ikija na upepo wa mashariki, kutoka baharini, haidondoki kutoka juu, inakuja ubavu. Kwa miaka sita dohani ya Mama Nekesa ilikuwa ikivuja kwa mvua hiyo tu, tena mahali pamoja tu: chumbani kwake, juu ya kitanda. Mafundi watatu walikwishapita, kila mmoja akapaka lami pale chini paa linapokutana na matofali, akaaga.

Siku moja Nekesa akaniambia, "Mum amesema unaweza ku-check ile chimney. But usiingie kwa room yake, please."

Yaani nitibu dohani, nisiingie inamovujia. Nikasema sawa. Fundi anayetaka kuposa hakatai kazi.

Nilijua nikienda kwa kubahatisha nitapaka lami ya nne. Bosi wangu, mzee mmoja Mmarekani mwenye subira ya kobe, ndiye aliyenifunza kupima kwa maji. Unaanza chini kabisa, unamwaga maji kwa mpira robo saa, unapumzika, unapanda hatua, tena robo saa. Ukianza juu, maji yatateremka kote na hutajua yaliingilia wapi. Na lazima mtu akae ndani akiutazama ukuta, aseme unyevu ukitokea. Mtu huyo alikuwa awe Nekesa. Jumamosi yenyewe ilipofika akaitwa kazini ghafla, akaacha ameupanga mpango hivi: mama atautazama ukuta, atamwandikia Nekesa ujumbe Sterling, na Nekesa ataniandikia mimi juu ya paa. Maji yatokeze futi ishirini chini ya viatu vyangu, na habari ivuke mto Potomac mara mbili kabla haijanifikia.

Basi nikapanda, na mikanda ya usalama ya bosi kiunoni. Ujumbe wa kwanza ulikuja: "Mum anasema bado." Nikapanda hatua. Ukaja wa pili, bado. Kisha kimya. Baadaye nilijua kwamba huko kazini kwao kuna vyumba ambavyo simu huachwa mlangoni, naye alikuwa ameitwa ndani. Mimi nikaendelea kumwaga maji, robo saa baada ya robo saa, hadi nikafika kileleni, kwenye ile kofia ya zege inayofunika matofali. Nilikuwa najiuliza kama niteremke ndipo dohani ikaniita.

"Wewe fundi."

Nilikumbatia matofali, Baba. Chumbani kwake kuna jiko dogo la zamani la kuotea moto, na tundu lake hupanda moja kwa moja hadi juu. Sauti ilikuwa karibu kabisa, kama ya mtu mliyelalia naye mto mmoja kitandani. Nikainamia tundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapa kwa ukuta kumeanza kutoka jasho. Nimeandikia huyu msichana mara nne, hajibu. Sasa nikae tu naangalia maji ikiingia?"

Nikaomba radhi, nikasema sikukusudia kumvunjia heshima kwa kusemezana naye.

"Hujavunja. Mimi sikuoni, wewe hunioni. Hii si kuongea. Hii ni kazi."

Nikapapasa kofia na kukuta ufa mwembamba kama unywele uliozunguka upande wote wa mashariki. Wenzangu watatu walihangaika miguuni, kumbe mgonjwa anaumwa kichwa. Lakini wewe ulinikataza kuamini jibu la kwanza, kwa hiyo nikamwomba mama aufute ukuta kwa taulo, tungoje nusu saa ukauke, kisha nijaribu tena palepale. Nusu saa hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua.

Nikamsikia akifuta ukuta. Kisha: "Huko kwa apartment yenu mnapika, ama mnakula tu mikate?"

"Tunapika, mama. Ugali na maharage."

"Na mboga?"

"Tunanunua."

"Hm." Nikamsikia akivuta kiti. "Baba yako yuko?"

"Yupo, mama. Ni mwashi, ndiye aliyenifunza."

"Anakunywa?"

"Aliacha, mama."

Nisamehe, Baba. Nimekwisha kukuapia mbele ya mkwe, kwa hiyo umeacha.

Akauliza kama nasali, nikamwambia. Akauliza kama nimewahi kuoa, nikamwambia hapana. Kisha nikasikia nyayo zikienda mlangoni. Aliporudi, sauti ilikuwa ya chini.

"Wewe fundi. Watu wanasema nyinyi wa Tanzania hamkai, mnarudi kwenu. Ukishapata huyu, utampeleka?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile tusubiri. Hakuwa akinikataa mimi. Alikuwa akijiona peke yake ndani ya nyumba ile, na bintiye akiwa ng'ambo ya bahari. Nilimhurumia, na nikajionea haya, maana miezi mitano nzima nilikuwa nikimdhania kiburi. Maneno matamu nilikuwa nayo tele, Baba, lakini mtu aliyelala chini ya maji yanayodondoka miaka sita, akipakwa lami na kila anayepita, huwezi kumdanganya.

"Mama," nikasema, "nitampeleka kwetu Muheza akamwone baba yangu, na nitamrudisha. Kazi yangu iko huku. Sitaishi naye mahali ambapo wewe huwezi kuja kwa basi ukarudi siku hiyohiyo."

Nikasikia kiganja kikipapasa ukuta. Baadaye kidogo akasema, "Ukuta umekauka. Mwaga maji."

Nikamwaga. Haikupita dakika tano akasema, "Imerudi. Palepale."

Najua hapa ndipo unapovaa miwani, basi nikueleze kazi. Niliivunja kofia yote. Nikachokonoa saruji kwenye viungo kwa mkono, tindo na nyundo ndogo, kwa sababu mashine hula tofali. Matofali yale ni ya zamani na laini, na aliyeyajaza saruji ngumu aliyafungia maji ndani, yakawa yanameguka uso. Hilo nililijua kutoka kwako, kwenye ukuta wa kanisa, siku uliponirudisha nyumbani mchana kweupe kwa kutaka kuharakisha. Nikajaza chokaa: kipimo kimoja kwa viwili na nusu vya mchanga, mchanga umeoshwa. Nikaifunika kwa magunia mabichi isikauke kwa pupa. Kofia mpya nimeipa mteremko, imezidi ukingo inchi mbili, na chini ya ukingo nimekata mfereji mwembamba ili tone lidondoke mbali na ukuta. Ungeipitishia kidole ungenuna kwa kukosa cha kukosoa.

Siku zote hizo hatukusemezana tena. Nekesa alikuwepo, maneno yakapita kwake. Ila kila nikiteremka nilikuta sahani imefunikwa pale mguuni pa ngazi, ugali na mboga, siku moja samaki. Niliila nikijiuliza kama ni sahani ya mkwe au ya fundi. Fundi yeyote hulishwa.

Kisha mvua tuliyokuwa tunaingoja ikaja, siku mbili mfululizo, na upepo wa mashariki. Baraka, Mkongomani wa Bukavu ninayekaa naye, yule anayeegesha magari ya wageni hotelini, alinikuta dirishani tangu asubuhi.

"Weye uko naangalia mvua," akasema, "sawa vile ni mutoto yako iko nafanya egzamen."

Alisema kweli. Nilijua ukuta ule ukilowa, sitakuwa nimeshindwa dohani peke yake. Sikuthubutu hata kupiga simu. Siku ya pili mchana Nekesa akanitumia picha. Ilikuwa ya ukuta mtupu, ameipiga karibu sana ili kitanda cha mama kisionekane, kwa adabu. Ulikuwa mkavu kabisa. Nikalia kidogo, Baba. Baraka ni shahidi, lakini usimuulize, ataongeza chumvi.

Ngoja nitoe salamu hapa, maana nikishamaliza linalofuata mkono hautaandika tena. Msalimie sana Shangazi, ambaye najua amekwisha kukuuliza mara tatu "kisha ikawaje". Kaka Yohana na shemeji, na wale mapacha wao. Mjomba wa kinu cha kusaga. Mama mchungaji, mwambie maombi yake yamefika huku bila kulowa. Na rafiki yako seremala, mwambie lile randa aliloagiza nimelipata na litakuja na mtu.

Jana nilirudi kumalizia. Lilibaki tundu la juu, ambalo wakati wa mvua nilikuwa nimelifunika kwa ubao tu. Nilikuwa na njia mbili: bamba la jiwe la kuziba kila kitu, au kifuniko cha bati chenye miguu na wavu pembeni, kinachozuia mvua na kuacha hewa ipite. Mimi nilipendelea wavu, dohani ipumue, lakini nyumba si yangu. Nikamwita Nekesa amuulize mama anataka kipi. Nikamsikia mama akimtuma Nekesa dukani akanunue maziwa. Na maziwa, Baba, nilikuwa nimeyaona mwenyewe kwenye dirisha la jikoni nikipanda.

Gari likaondoka. Nikangoja.

"Wewe fundi."

"Naam, mama."

"Hiyo ya mawe inafunga yote?"

"Yote, mama. Ndege hawaingii, baridi haiingii."

"Na sauti?"

"Nayo haitapita."

"Basi weka hiyo ya wavu. Watoto wenu wakikosa adabu, nitakuambia kupitia wapi?"

Nilikumbatia tena matofali. Kisha akasema, "Na baba yako apige hodi. Jumamosi mimi niko off."

Nimeweka ya wavu. Mimi yangu nimemaliza, Baba. Jumamosi ni ya kwako na Shangazi.

Mwanao,
Mhina